Tuta la Dhiraa Nane

Mama alifika kwetu Boko mwezi wa nane akiwa na begi moja la shangazi kaja na magoti yaliyovimba. Begi alilitua karibu na mlango wa chumba tulichomwandalia, na hakumaliza kulifungua. Asubuhi alichomoa kanga, jioni akaikunja na kuirudisha. Kabati tulilomnunulia likakaa tupu. Kila nilipopita ukumbini macho yangu yalianzia kwenye lile begi, kwa sababu anayehamia hutoa vitu vyake vyote, na anayehesabu siku huviacha vimefungwa.

Ni mama mzazi wa mume wangu, mtu wa Mlalo, kwenye milima ya Usambara. Ukiiacha barabara kuu pale Mombo unapanda kilomita 33 za kona kupitia Soni mpaka Lushoto mjini, na Mlalo bado iko mbele. Huko amelima maisha yake yote kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angeogopa hata kusimama. Daktari ndiye aliyesema basi: asipande milima, asiiname muda mrefu. Mwanawe akaenda kumchukua.

Hakulalamika. Alikaa barazani, akapepeta dengu, akanisaidia kuchambua mchele hata siku ambazo mchele ulikuwa hauna chuya. Siku moja nilimkuta uani ameshika kijiti anachokoa ardhi.

"Mwanangu, hapa kwenu mnapanda nini?"

"Hatupandi kitu, mama. Mboga tunanunua kwa yule dada anayepita na beseni."

Akatikisa kichwa polepole. "Nitafutie mahali padogo. Hata pa mafungu mawili ya mchicha."

Sasa, ardhi ya Boko ni mchanga, na chini ya mchanga ni mawe ya matumbawe. Si mbali na kwetu, kule Wazo, mawe ya namna hiyohiyo huchimbwa kutengenezea saruji. Ukimwaga maji uani yanapotea kabla hujatua ndoo. Kulima chini haikuwezekana, na hata ingewezekana, magoti ya mama yasingekubali. Mume wangu akasema tujenge tuta la kuinuka, la tofali, ili mama akae kwenye kigoda chake na udongo umfuate yeye alipo. Nilimpenda upya kwa wazo hilo. Tulimketisha mama kwenye kigoda, tukapima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko chake, tukapata urefu wa kozi tatu za tofali. Fundi akaja, akajenga kwa siku mbili: urefu mita 3.6, upana mita 1.2, kwenda juu sentimita 70, vyote kwa ndani. Chini kwenye kozi ya kwanza akaacha matundu ya kutolea maji. Lilikuwa tuta zuri. Lilikuwa tupu.

Hesabu ya kwanza niliifanya mimi, na niliifanya kwa macho. Nilisimama juu ya lile tuta, nikalitazama kama ninavyotazama sufuria nikijua itakula kilo ngapi za mchele, nikasema viroba ishirini vitatosha. Jikoni macho yangu hayajawahi kunidanganya. Lakini sufuria ninaijua kwa miaka, na tuta nilikuwa nalitazama kwa mara ya kwanza. Nikaenda kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, nikachagua udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Vilikuwa viroba vile vya kilo hamsini. Dereva wa kirikuu alikataa kuvipakia vyote kwa mara moja, na alikuwa na haki: magari yale madogo, yenye injini ya sentimita za ujazo 660, yaliundwa Japani kubeba kilo 350. Kumi peke yake vilikuwa vimeshamzidi. Akaenda safari mbili.

Tukafungua kiroba cha kwanza, cha pili, cha tano. Kila kimoja kilitoa ndoo mbili za lita ishirini, hazizidi. Watoto walikuwa wanausawazisha kwa mikono, wanacheka. Kufika kiroba cha kumi na mbili hakuna aliyekuwa anacheka. Cha ishirini kilipomwagwa, mume wangu alishusha futi kamba ndani: sentimita 18. Hatukuwa tumefika hata ukingo wa tofali la kwanza. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni, na ili auguse udongo wake ilibidi ajikunje juu ya ukuta mpaka kifua kikalala kwenye tofali. Alijaribu mara moja, akarudi kukaa. Hakusema neno. Uso wangu ulipata moto, maana fedha ile nilikuwa nimeitoa kwenye mchezo wangu wa kina mama, na nilikuwa nimeitoa kwa furaha.

Usiku ule mume wangu alichukua karatasi. "Mke wangu, hili si jambo la macho. Hili ni urefu mara upana mara kina." Na kweli, ndivyo lilivyo. Mita moja ya ujazo ni lita elfu moja, yaani ndoo hamsini za lita ishirini. Mtu akishika hilo moja tu anaweza kununua udongo popote. Tatizo ni kwamba hakutafuta vipimo tulivyompa fundi. Alitoka na tochi akapima upya, na kwa kuwa ndani mlikuwa na udongo alipima kwa nje. Nje ni mita 3.9 kwa mita 1.5. Akazidisha na ile sentimita 70, akapata mita za ujazo nne na ushee kidogo. Akaongeza za kudidimia, zikawa tano.

Nawasihi wanaojenga matuta ya tofali wapaangalie hapo. Tofali la inchi sita ni sentimita 15 kila upande, na ukilitazama ukutani unaona ni jambo dogo. Lakini kwa ndani tuta letu lilikuwa na mita za ujazo tatu tu. Ile mita moja na zaidi iliyobaki, ndoo hamsini na tatu kwa hesabu tuliyokuja kuifanya baadaye, ilikuwa ni unene wa ukuta. Alikuwa amehesabu udongo wa kukaa ndani ya tofali. Na kwa uchovu wa usiku ule hakutoa zile ndoo arobaini ambazo tayari zilikuwa zimelala chini.

Kesho yake akampigia dereva wa tipa. Udongo wa tipa huuzwa kwa tripu, na watu huliita gari kwa tani zake: la tani saba, la tani kumi na nane. La tani saba, alisema dereva, linachukua mita zako tano. Bei ilituvuta pia. Kwa fedha ya ile tripu moja tusingepata viroba arobaini kule barabarani, na tripu moja ni sawa na viroba zaidi ya mia. Tukamwambia alete. Tuliuliza kiasi, tukauliza bei, tukauliza saa. Hatukuuliza ni udongo gani.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa kumi na moja, vuli imeshaanza kunusanusa. Tipa lilifika magharibi. Njia yetu ni nyembamba, ina kona moja kali kwenye mnazi, na pale kwenye kona lilikwama. Dereva akashuka, akatazama, akasema haingii. Mume wangu alikuwa bado yuko njiani kutoka kazini. Nikamwomba dereva asubiri. Akasema ana tripu nyingine mbili. Niligeuka kuwapisha watoto, nikasikia kitanda cha gari kinainuka. Udongo wote ukashuka pale kwenye kona, mbele ya geti la kijana anayeendesha bajaji, mlima mwekundu unaonifika kifuani.

Tulikwenda kubisha kwake, hakuwepo. Alikuwa amelaza bajaji ndani mapema na kwenda kwenye shughuli. Tukafunika kwa turubai, lakini turubai letu lilifika nusu. Tukahamisha kwa toroli moja na karai mbili mpaka saa nne usiku, mikono ikatoka malengelenge. Saa nane usiku mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua ya vuli ya kweli, ile inayogonga bati mpaka watu walio chumba kimoja wasisikizane. Nililala macho wazi. Nilijua ule udongo unakwenda wapi: kwenye mtaro ambao wananjia tulichanga kuuzibua mwezi uliotangulia.

Alfajiri nilitoka nikiwa na chepe. Mama alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama kwenye geti la yule kijana, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miguu imezama kwenye tope jekundu mpaka kwenye fundo. Alikuwa ametembea peke yake, gizani, kwa magoti yale. Kijana alifungua geti akiwa tayari amevaa koti lake la kazi, akaona mlima, akaona mtaro umejaa hadi juu, akafungua mdomo. Mama akamwahi.

"Baba, umeamkaje?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Udongo wangu umekufungia riziki. Nimekuja kukuomba radhi kabla jua halijatoka."

Alisema *udongo wangu*. Hakuwa amenunua hata kiganja kimoja cha ule udongo. Yule kijana alitazama miguu ya mama, akafunga mdomo, akarudi ndani, akatoka na chepe lake. Alipoteza abiria wake wote wa asubuhi siku ile, na hakutaka fidia. Mume wangu ilibidi amlipe kwa kulazimisha, jioni, kwa kumwekea mafuta kwenye bajaji. Dada wa beseni la mboga alipopita naye alitua beseni. Mzee wa nyumba ya pembeni alituma wajukuu wake. Saa tatu njia ilikuwa wazi kiasi cha bajaji kupita, na mtaro ulikuwa umezibuliwa kwa mikono ya watu ambao baadhi yao nilikuwa sijawahi kuwasalimia kwa zaidi ya neno moja.

Hapo ndipo mama aliponiambia nimletee kigoda na bakuli la maji.

Alichota kiganja cha ule udongo, akaunyunyizia maji, akaufinyanga, akauviringisha katikati ya viganja viwili mpaka ukawa mrefu kama kidole. Akaukunja. Haukukatika. Akaufanya duara kama pete, akamwonyesha mwanawe. "Huu ni wa chungu," akasema. "Mmenunua mfinyanzi. Huu umetoka chini, penye shimo la mtu anayejenga. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakaba mizizi." Kisha akachota mchanga wa uani kwetu, akafanya vilevile, ukamwagika wote katikati ya vidole. Akachota ule mweusi wa viroba kutoka ndani ya tuta. Uliviringika kidogo, ukapasuka. Akaunusa. "Huu ndio chakula. Na chakula mmekiweka chini, mnataka kukifunika kwa mfinyanzi."

Kuna jambo nilijifunza pale kwenye vitalu baadaye, niliporudi kuuliza, na bado linaniuma. Udongo ule mweusi unaouzwa kwenye viroba mara nyingi hukwanguliwa mabondeni, kandokando ya mito. Mto ukishakwanguliwa kingo zake, mvua kubwa ikija hula mashamba na nyumba za watu. Kununua zaidi ya unachohitaji, basi, si suala la mfuko wako peke yake. Kila kiroba cha ziada ni ukingo wa mto mahali fulani. Naona hesabu hii ya kupima udongo ingefaa kufundishwa watoto darasani kwa ndoo na kamba, siyo kwa chaki tu.

Mama alitutaka tuutoe ule mweusi wote. Tukautoa, ndoo arobaini, tukaurundika kivulini. Kisha akauliza swali ambalo mimi na mume wangu hatukuwa tumejiuliza tangu mwanzo: mzizi wa mchicha unafika wapi? Sisi tulikuwa tunajaza shimo. Yeye alikuwa anatafuta chakula cha mmea. Aliweka kiwiko ukingoni mwa tuta, akanyoosha mkono ndani kwenda chini, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Dhiraa moja. Yaani shibiri mbili, karibu sentimita 45. "Mboga zote ninazozitaka zinaishi humu. Chini ya hapa mizizi haina safari. Kwa nini mpeleke udongo mzuri mahali pasipo na mtu?"

Kwa hiyo theluthi ya chini, pungufu kidogo ya shibiri moja na robo, tuliijaza kwa vitu vya bure: makumbi ya nazi, ambayo hushika maji kama sifongo, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, vipande vya tofali vilivyoachwa na fundi karibu na yale matundu, majani makavu. Watoto walizunguka majirani wakiomba makumbi, na kila mtu wa pwani ana rundo la makumbi ambalo hajui alipeleke wapi.

Halafu akapima. Ningependa kulieleza jambo hili kwa uangalifu kwa sababu nimeshalitumia mara nyingine na halijaniangusha. Aliomba ubao mpana na ndoo moja. Akapima kwa mkono wake urefu wote wa tuta, akihamisha kiwiko mahali ncha ya kidole ilipokoma: dhiraa nane. Akausimamisha ubao ndani ya tuta, mwisho mmoja, dhiraa moja kutoka ukutani, ukakata chumba kidogo. Akaniambia nimwage udongo ndani ya chumba kile, nihesabu. Ndoo ya kumi na mbili ikaufikisha ukingoni. "Kumi na mbili mara nane," akasema, akitazama vidole vyake. "Tisini na sita."

Mume wangu alikuwa na simu mkononi. Alizidisha mita 3.6 kwa 1.2 kwa 0.45, kwa ndani safari hii. Jibu lilikuwa mita za ujazo 1.94. Ndoo tisini na saba. Alikaa chini kwenye ukingo wa tuta akamtazama mama yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu.

"Sasa ongeza mtu mmoja kwa kila watano," mama akaendelea. "Udongo uliochotwa una upepo ndani. Ukinyweshwa unalala." Tisini na sita, na ishirini ya kulala. Akasema tuchanganye mia na ishirini, kwa sababu mchanga ukikutana na mfinyanzi unaingia kwenye nafasi zake, na ndoo sita ukizichanganya hazikurudishii ndoo sita kamili. Nililijaribu hilo mwenyewe, nikaona ni kweli.

Mchanganyiko ulikuwa hivi: ndoo mbili za udongo mweusi, mbili za ule mwekundu uliopondwa na kuchekechwa mawe, moja ya mchanga wa uani kwetu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoteza harufu. Raundi ishirini. Ule mchanga niliokuwa naulaumu tangu tuhamie Boko ulikuwa ndio unaoulegeza mfinyanzi, na haukuwa na gharama. Tulichanganya juu ya turubai kwa Jumamosi mbili, mume wangu upande mmoja na kijana wa bajaji upande mwingine, wakigeuza kwa machepe kama mafundi wanaogeuza zege, mama kwenye kigoda akinyunyiza maji kwa kikombe.

Jumamosi ya pili ndipo aliposimulia kuhusu matuta ya mama yake. Nilikuwa nimeishi kwenye ukoo ule miaka kumi na minne sijawahi kulisikia. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya mkoloni ilikuja na mpango wake Mlalo, ikaamuru watu wachimbe matuta kwenye miteremko ili udongo usisombwe. Aliyekataa alitozwa faini. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake. Mama yake alichimba akiwa amembeba mgongoni, yeye huyu tunayemwona kwenye kigoda. "Walikuja na kamba za kupimia," akasema. "Walipima mlima wote. Hawakumuuliza hata mwanamke mmoja anapanda nini." Watu waliupinga mpango ule kwa miaka, wakaushinda, ukaachwa kabla uhuru haujafika. Na bado, akasema, udongo kweli ulikuwa unasombwa. Hilo wazungu waliliona sawasawa. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, ulipokuja mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko Lushoto, yeye mwenyewe alipanda majani ya guatemala kwenye kingo za shamba lake, na yapo mpaka leo, yameshika udongo, ng'ombe wanakula. Alinyamaza kidogo, akanyunyiza maji. "Lile la mama yangu lilikuwa kwa amri. Hili nimeliomba."

Tukajaza. Mama alizizuia ndoo ishirini za mwisho zisiingie. Akazifunika kwa majani ya mgomba kwenye kona. Udongo ulifika ukingoni, ukasimama sawa na tofali, mzuri wa kupiga picha. Tukaunywesha jioni tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi ulikuwa umeshuka nyanda nne. Nilipoona nilishtuka, nikafikiri tumekosea tena, nikaenda kumwamsha. Alikuwa ameshaamka. Aliweka vidole vinne ndani ya tuta, vikakaa sawasawa kati ya udongo na ukingo, akasema, "Umelala. Leta zile." Zikaingia ndoo kumi na saba. Zikabaki tatu.

Kuhusu mlima mwekundu pale kwenye kona: tuliutumia ndoo arobaini tu. Mvua ilichukua sehemu yake. Zilizobaki, na zilikuwa zaidi ya mia, tulizigawa. Mzee wa pembeni alijazia shimo lililokuwa likituama maji nyuma ya choo chake. Wananjia wakachanganya na kokoto na kuziba makorongo mawili yaliyokuwa yanawavunjia watu springi za magari. Kwa kijana wa bajaji tulipandisha kizingiti cha geti lake, maji yasiingie tena. Fedha yetu haikurudi, na ilikuwa fedha ambayo tulihitaji; Desemba ile tulikula sikukuu kwa kubana, na sare za shule za Januari zilisubiri mshahara. Sitaki kulipunguza hilo.

Mchicha mama aliusia Jumatatu, kwa mstari, kwa kuchora udongo na kijiti na kupukutisha mbegu alizokuwa nazo kwenye fundo la kanga. Alikuwa amezileta kutoka Mlalo, tangu mwezi wa nane, hajatuambia. Ukingoni akachomeka mchaichai kushikilia kona. Katikati bamia, na mwisho karibu na kivuli mnavu, ambao mwanawe aliukulia na mimi nilikuwa siujui kuupika. Wiki ya nne tulivuna. Alikaa kwenye kigoda, viwiko vimelala juu ya tofali, akakata kwa kisu kidogo bila kuinama hata mara moja. Alinipa fungu la kwanza, la pili akampelekea yule kijana.

Juzi nilitoka kazini nikakuta mlango wa chumba chake uko wazi. Nguo zake zote zilikuwa kwenye kabati, zimekunjwa kwa mpangilio, kanga upande mmoja, magauni upande mwingine. Begi la shangazi kaja halikuwepo. Nikamtafuta jikoni, barazani, kwenye tuta. Mtoto wa mwisho akaniambia bibi yuko kwa jirani.

Nilimkuta chini ya mwembe wa kijana wa bajaji. Mke wa kijana alikuwa anakusanya majani makavu kwa reki, na mama amekaa akiyashindilia ndani ya begi lake, limefura mpaka zipu haifungi. Pembeni yao palikuwa na kozi mbili za tofali, saruji bado mbichi. Aliponiona akainua mkono.

"Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Nenda kaniletee ule ubao, na zile ndoo tatu."